Bao la Kiswahili kwa Wanaoanza: Mwongozo Kamili wa Kujifunza na Kucheza na Marafiki

Katika michezo yote ya ubao inayochezwa Afrika Mashariki, sidhani kama upo unaostahili kuitwa mgumu na mtamu kwa wakati mmoja kuliko bao la Kiswahili, na bado vijana wengi waliolelewa karibu na mabaraza ya Unguja, Mombasa au Dar es Salaam wameishia kulitazama tu. Wanawajua wachezaji na wanazisikia kete zikigonga ubao, lakini hawajawahi kukaa upande wa mchezaji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya kundi lolote la marafiki linalotaka kuanza mchezo mpya usiochosha baada ya wiki mbili. Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: bao halifundishiki kwa mkupuo. Anayewamwagia wenzake kanuni zote siku ya kwanza huwapoteza, ilhali anayeanza na bao la kujifunza, kisha akaongeza namua, yaani awamu ya kwanza ya bao kamili, kisha nyumba, yaani shimo lenye haki maalumu, huwafikisha.

Kwanza hakikisheni kwamba mna mchezo wenyewe. Michezo ya mashimo na kete ni mingi barani Afrika, na mingine inafanana na bao kwa macho tu. Ile ya safu mbili za mashimo, ambayo ndiyo inayopatikana zaidi katika programu za simu, ni michezo mingine kabisa. Hata omweso wa Uganda, ambao una mashimo 32 na kete 64 kama bao, una kanuni zake tofauti. Bao la Kiswahili lina safu nne zenye mashimo manane kila moja. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake, yaani safu ya mbele inayotazamana na ya mpinzani, na safu ya nyuma iliyo karibu na kifua chake. Katika mbao nyingi zilizochongwa vizuri utaona kila upande una shimo moja la mraba lililo kubwa kuliko mengine. Hilo ndilo nyumba, nalo ni shimo la tano kutoka kushoto kwako katika safu ya mbele. Ubao wako ukiwa na mashimo yote ya duara, tia alama ya chaki mahali hapo.

Kete za asili ni komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu na laini kwa mguso, zitokanazo na mti wa mkomwe. Zinakaa vizuri mkononi na hazitelezi ovyo, kwa hiyo ukizipata usitafute kingine. Zikikosekana, kokoto zilizolingana ukubwa zinatosha. Zihesabu kabla ya kila mchezo, kwa maana zinatakiwa kuwa 64 kamili, 32 kwa kila mtu, na kete moja ikipotea chini ya mkeka hesabu ya mchezo mzima huharibika bila mtu kujua ni lini. Kama hamna ubao, chimbeni mashimo kwenye mchanga au chukueni trei mbili za mayai zenye mashimo ya kutosha. Siku za kujifunza hazihitaji mpingo wala mninga.

Hatua ya kwanza: bao la kujifunza

Wekeni kete mbili katika kila shimo, mashimo yote 32, na kwa sasa lisahauni kabisa shimo la nyumba. Huu ndio mpangilio ambao watoto na wageni wa bao huanzia, na faida yake ni kwamba kete zote zipo ubaoni tangu mwanzo, hivyo mchezaji anajifunza mambo mawili tu: kusambaza na kula.

Kusambaza ni kuchukua kete zote za shimo lako moja, lenye kete mbili au zaidi, na kuziweka mojamoja katika mashimo yanayofuata, kwa mwelekeo wowote utakaochagua. Safari ya kete huzunguka safu zako mbili pekee: ukifika mwisho wa safu ya mbele unaingia safu ya nyuma, na ukifika mwisho wa nyuma unarudi mbele. Hakuna wakati wowote unapoweka kete upande wa mpinzani.

Kula kunategemea mahali kete yako ya mwisho ilipoangukia. Ikiangukia katika shimo la safu yako ya mbele ambalo tayari lilikuwa na kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo pia lina kete, unazichukua kete zote za shimo hilo la mpinzani. Huo ndio mtaji. Kete ulizokula haziendi mfukoni, bali unazisambaza upande wako, ukianzia kwenye kichwa, yaani shimo la pembeni kabisa la safu yako ya mbele. Ikiwa kete ya mwisho imeangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, ama kwa sababu shimo la mbele yake ni tupu au kwa sababu uko safu ya nyuma, unazoa kete zote za shimo hilo na kuendelea kwa mwelekeo uleule. Ikiangukia shimo tupu, kete imelala na zamu imekwisha.

Kuna jambo la mwelekeo ambalo huwachanganya wanaoanza, kwa hiyo lisomeni mara mbili. Ukiwa unasambaza kutoka kushoto kwenda kulia, kete utakazokula zitaanzia kichwa cha kushoto ili mwendo uendelee vilevile, na ukitoka kulia kwenda kushoto zitaanzia kichwa cha kulia. Isipokuwa unapokula ukiwa pembeni, yaani kwenye kichwa chenyewe au kwenye kimbi, shimo linalofuata kichwa. Hapo kete lazima zianzie kichwa cha upande huohuo, hata kama jambo hilo linageuza mwendo wako. Mageuzi haya ya ghafla ndiyo yanayozaa zile zamu ndefu zinazowafanya watazamaji wasogee karibu.

Fanyeni zoezi hili pamoja, mkiwa mmezunguka ubao, kabla mtu yeyote hajacheza dhidi ya mwenzake. Mashimo ya safu yako ya mbele tuyape namba 1 hadi 8 kutoka kushoto kwako, na ya mpinzani vivyo hivyo kutoka kushoto kwake. Namba za mashimo mawili yanayotazamana zikijumlishwa zitakuwa 9 daima, kwa mfano shimo lako la 5 linatazamana na la 4 la mpinzani. Sasa chukua kete mbili za shimo la 3 na uzisambaze kwenda kulia. Ya mwisho inaangukia shimo la 5, lililokuwa na kete, na mbele yake mpinzani ana mbili. Zichukue, uzianzishe kichwa cha kushoto: moja shimo la 1, moja shimo la 2. Ya mwisho imeangukia shimo la 2 lenye kete, na mpinzani ana mbili mbele yake, unakula tena. Shimo la 2 ni kimbi cha kushoto, basi unaanzia kichwa kilekile, na kete ya mwisho inarudi palepale shimo la 2. Sasa mbele yake pametupu, kwa hiyo unazoa kete zake nne na kuendelea: shimo la 3, la 4, la 5, la 6. Shimo la 6 lilikuwa na kete na mpinzani ana mbili mbele yake, unakula mara ya tatu na kuanzia tena kichwa cha kushoto. Kete ya mwisho inaangukia shimo la 2, uliloliacha tupu muda mfupi uliopita, nayo inalala. Safu yako ya mbele inapaswa kusomeka 5, 1, 1, 4, 4, 3, 2, 2, na kwa jumla una kete 38 dhidi ya 26 za mwenzako. Ikiwa hesabu yenu imetoka tofauti, pangeni upya na mrudie polepole, kwa sababu kosa hilo mkilibeba litawafuata katika kila mchezo.

Mambo manne yanakamilisha hatua hii. Palipo na mtaji ni lazima kula, na mtaji unahesabika pale tu kete ya mwisho ya usambazaji wa kwanza inapokula moja kwa moja. Pasipo na mtaji unatakasa, yaani unasambaza kutoka shimo la safu ya mbele lenye kete mbili au zaidi, na ya nyuma ikiwa mbele halipo, na katika zamu ya kutakasa huruhusiwi kula chochote hata kete ya mwisho ikikupeleka mahali pa kula. Unazoa na kuendelea hadi ilale. Shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzisha mtaji. Anayeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imekuwa tupu, au ambaye hana shimo lolote lenye kete zaidi ya moja la kuchezea.

Chezeni hivi kwa jioni kadhaa. Msiharakishe. Dalili ya kuwa tayari kwa hatua inayofuata ni pale mchezaji anapoacha kuuliza aanzie kichwa kipi.

Hatua ya pili: namua

Sasa ondoeni kete zote na mpange bao lenyewe. Kila mchezaji anaweka kete 6 katika nyumba, kete 2 katika shimo la 6 na kete 2 katika shimo la 7. Zilizobaki, 22, anazishika mkononi au kuziweka kando kama akiba. Mchezo una awamu mbili. Ya kwanza, namua, inaendelea hadi akiba zote ziishe. Ya pili, mtaji, inafanana na kile mlichokwisha kujifunza, na hiyo ndiyo sababu nimewaanzisha huko.

Katika namua kila zamu huanza kwa kutia kete moja ya akiba katika shimo la safu yako ya mbele ambalo tayari lina kete. Ikiwa shimo linalotazamana nalo upande wa mpinzani lina kete, unakula papo hapo na kusambaza ulichokula kutoka kichwani. Ukiwa umekula katikati ya safu unachagua kichwa unachotaka, ila ukila kwenye kichwa au kimbi, upande umekwisha kuamuliwa. Kete yako uliyotia inabaki ilipo. Kutoka hapo mwendo ni uleule wa kula, kuzoa na kulala. Mahali pote pa kula pakikosekana, unatakasa: unatia kete moja katika shimo lenye kete, kisha unazoa kete zote za shimo hilo na kuzisambaza kushoto au kulia bila kula.

Tazameni jinsi ufunguzi ulivyo na akili ndani yake. Mashimo yako ya 5, 6 na 7 yanatazamana na ya 4, 3 na 2 ya mpinzani, ambayo ni matupu, kwa hiyo anayeanza hawezi kula na lazima atakase. Tuseme ametia kete shimo la 6, likawa na tatu, akazisambaza kushoto: nyumba inapata moja, shimo la 4 moja, shimo la 3 moja, na inalala. Inaonekana ni zamu isiyo na madhara, kumbe ameweka kete mbele ya nyumba ya mpinzani na mbele ya shimo lake la 6, na mpinzani, ambaye zamu ni yake, anakula. Lakini akizisambaza kete zilezile tatu kwenda kulia, zinakwenda shimo la 7, la 8, na la mwisho wa safu ya nyuma. Hapo mpinzani hana cha kula hata kimoja, naye analazimika kutakasa. Kete ileile, shimo lilelile, matokeo mawili yaliyo mbali kabisa. Waonyesheni wageni mfano huu kwa ubao, wajaribu kila chaguo la ufunguzi, ndipo watakapoelewa kwa nini wazee wanakaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kutia kete ya kwanza.

Hatua ya tatu: nyumba na safari

Kwa maoni yangu hapa ndipo bao linapotengana na ndugu zake wote. Nyumba ni hazina yenye haki maalumu, na haki hizo zinadumu maadamu ina kete 6 au zaidi na haijawahi kuvunjwa. Katika kutakasa huruhusiwi kuanzia nyumba. Ikitokea kwamba ndiyo shimo pekee lenye kete katika safu yako ya mbele, unatia kete yako na kutoa mbili tu za kusambaza. Kete ya mwisho ya kutakasa ikiangukia nyumba yako, zamu inaishia hapo na nyumba inabaki salama. Na katika zamu ya kula, kete ya mwisho ikiangukia nyumba yako pasipo na cha kula mbele yake, una hiari ambayo huna katika shimo lingine lolote: unaweza kusimama, au unaweza kusafiri, yaani kuzoa nyumba yote na kuisambaza. Panapo cha kula mbele yake, huna hiari, unakula. Nyumba iliyosafirishwa haiwi nyumba tena, inabaki shimo kama mashimo mengine, hata ikijaa upya.

Wanaoanza hupenda kusafiri mapema, kwa kuwa mkono uliojaa kete unatia ashiki. Nawasihi mjizuie. Nyumba inayokua taratibu hadi kete kumi na kitu ni tishio linalomlazimisha mpinzani kucheza akiwa na hofu, na safari nzuri ni ile ambayo umehesabu kete ya mwisho itaangukia wapi na itakula nini. Safari isiyohesabiwa huishia kulala katika shimo tupu huku kete zako zikiwa zimetapakaa mbele ya mashimo ya mpinzani, tayari kuliwa.

Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba mpinzani anaweza kuila nyumba yako nzima kwa zamu moja. Inatazamana na shimo lake la 4. Basi kila mara kabla ya kucheza tupia jicho shimo hilo: likiwa na hata kete moja zamu yako inapokwisha, anachohitaji ni kutia kete moja tu hapo. Una njia mbili za kujilinda. Ya kwanza ni kulila shimo lake la 4 wewe kwanza, kwa kutia kete katika nyumba yako mwenyewe. Ya pili ni kumpa sababu ya kukimbilia kwingine, na hiyo ni ngumu zaidi kwa sababu inahitaji uone zamu yake kabla yake. Kumbuka pia kwamba huliwa safu ya mbele tu. Kete zilizo nyuma ziko salama, na mchezaji mwenye subira huzijaza huko wakati wa namua ili awe na nguvu akiba zitakapoisha, bila kusahau kwamba mbele pakiwa patupu amekwisha kushindwa. Ukimmaliza mpinzani namna hiyo kabla akiba hazijaisha, huo ni ushindi wa mkononi, na ndio unaosimuliwa barazani.

Jinsi ya kuliendesha kundi

Bao ni mchezo wa watu wawili, na kundi la marafiki likiwa la watano au sita, swali la kwanza ni wengine wafanye nini. Utaratibu wa vijiweni, ambapo mshindi anakaa na aliyeshindwa anampisha mwingine, unafaa kwa wanaojua. Kwa wanaojifunza una ubaya wake, kwa kuwa aliye dhaifu hucheza mara moja na kutazama jioni nzima. Kwa mwezi wa kwanza chezeni wawili wawili kila upande, washauriane kwa sauti na kupeana zamu ya kushika kete. Kusikia mwenzako akieleza kwa nini anatia shimo la 7 badala ya la 6 kunafundisha kuliko kitabu chochote cha kanuni.

Kubalianeni mambo matatu kabla ya kete ya kwanza. Mosi, kete ikishatiwa shimoni zamu hairudishwi, isipokuwa mtu amekiuka kanuni. Pili, mpinzani ana haki ya kumsimamisha anayesambaza haraka kupita macho; mafundi husambaza kwa kasi ya ajabu, lakini mgeni anayeiga kasi hiyo hupoteza hesabu na kuzua ugomvi. Tatu, watazamaji wanyamaze zamu inapofikiriwa na wazungumze inapokwisha, na hapo wazungumze sana. Mtu mmoja awe na daftari la kuandika hali ya ubao pale mabishano yanapotokea, namba nane za kila safu, ili mrudi kuitazama kwa utulivu.

Atakayefundisha asiwe anawashinda wageni kwa makusudi ya kuonyesha ujuzi. Acheze akisema anachokiona, aulize, "Kete yako ya mwisho italala wapi?" kabla hawajagusa ubao. Swali hilo moja ndilo linalomjenga mchezaji, kwa sababu ustadi wote wa bao ni kuona mwisho wa zamu kabla haijaanza. Alexander de Voogt, mtafiti Mholanzi aliyekaa na mafundi wa bao Zanzibar na kuandika tasnifu juu ya umahiri wao mwaka 1995, alishughulishwa na jambo hilohilo: mtu anawezaje kufuata kichwani mabadiliko ya ubao mzima ndani ya zamu moja. Mwalimu Julius Nyerere naye alijulikana kuwa mpenzi wa mchezo huu, na sioni ajabu.

Mkishazoea awamu zote mbili kwa pamoja, mtagundua kwamba kuna kanuni ambazo sijazigusa. Iliyo kubwa ni takasia, inayohusu namna ya kumfunga mpinzani asiweze kutumia shimo fulani katika awamu ya mtaji, na ziko pia hali za nyumba iliyosalia nzima baada ya namua. Haya yanachezwa kwa tofauti ndogondogo kati ya mahali na mahali, kwa hiyo msiyachukue kutoka kwa mtu wa mbali. Nendeni jioni, baada ya Alasiri, kwenye baraza la karibu ambako bao linachezwa, mwamkie mwenye ubao, mwombe kutazama kwanza. Kaeni upande mmoja wa ubao ili mfuate safu za mchezaji mmoja tu, na hali msiyoielewa ikitokea, ikumbukeni hadi mchezo uishe ndipo mumuulize fundi aipange upya. Atakubali, na mara nyingi atawaambia mmoja wenu aketi.